Nakala Nyepesi, Bamba Zito: Ufundi wa Mchapaji na Historia ya Chapa Zinazouzwa Birere

1. Utangulizi

Birere ni mtaa wa biashara katika mji wa Goma, jimbo la Kivu ya Kaskazini, jirani kabisa na mpaka unaoutenga mji huo na Gisenyi ya Rwanda. Mtu anayepita humo hukuta vitu vilivyopigwa chapa kila upande: vikwembe, ambalo ndilo jina la vitenge mashariki ya Kongo, vimekunjwa na kupangwa vibandani, noti za dola na za faranga zimo mikononi mwa wabadilishaji fedha, mihuri imegongwa kwenye hati za wavuka mpaka, fulana na mabango yamejaa maandishi na picha.

Wanaoishi kwa biashara ya namna hii ni wasomaji hodari wa chapa. Mwuza vikwembe mzoefu haridhiki kutazama nguo upande mmoja. Huigeuza aone kama rangi imepenya hadi upande wa pili, husoma maandishi ya ukingoni, hupapasa uzito wa pamba, kisha hutamka bei. Mbadilishaji fedha naye hupitisha kidole juu ya noti ya dola kabla ya kuikubali, na noti iliyochanika hata kidogo huikataa. Hawa wawili hawajawahi kuitwa wataalamu wa sanaa ya chapa. Hata hivyo, wanachokitafuta kwa jicho na kidole ni alama za ufundi ambazo mchapaji hufundishwa kuziweka.

Makala haya yanachunguza ufundi huo na safari yake katika historia ya Afrika Mashariki na mashariki ya Kongo. Hoja yetu ni kwamba katika kazi ya chapa nakala ni nyepesi na husafiri, lakini bamba na mtambo ni vizito na hukaa mahali pamoja. Kwa sababu hiyo, historia ya chapa katika sehemu zetu imekuwa kwa kiasi kikubwa historia ya watu wanaopokea nakala huku bamba likiwa kwa wengine. Swali la mwisho la makala ni kama hali hiyo ni ya lazima.

2. Neno na mambo yanayotajwa nalo

Neno chapa limetufikia kutoka lugha za Bara Hindi, ambako linahusu alama inayogandamizwa juu ya kitu. Muhuri, matbaa na nakshi yamekuja kwa njia ya Kiajemi na Kiarabu. Msamiati wenyewe, basi, unaonyesha njia uliyopitia ufundi huu, yaani Bahari ya Hindi. Kiswahili kimempa mchapaji wa vitabu, wa nguo na wa picha jina moja. Wako watakaoona huo ni upungufu wa istilahi. Sisi tunaona kuwa lugha imeshika jambo la msingi: wote watatu hufanya kazi ileile ya kuandaa kitu kimoja kinachoweza kuzaa vingi.

Kwa ajili ya mjadala huu tunagawa chapa katika aina tatu. Ya kwanza tutaiita chapa ya mwinuko. Fundi huondoa kwa patasi sehemu asizozitaka, na sehemu iliyobaki juu ndiyo inayopakwa wino. Muhuri wa mpakani ni wa aina hii, na kadhalika vibao vya mti vya kuchapia nguo. Ya pili ni chapa ya mchimbo. Hapa mambo hugeuka: wino hukaa ndani ya mifuo iliyochimbwa katika bamba la madini, sehemu ya juu hufutwa ikawa safi, na karatasi iliyoloweshwa hugandamizwa kwa nguvu mpaka iuvute wino kutoka ndani ya mifuo. Ya tatu ni chapa ya wavu. Kitambaa chembamba hukazwa kwenye fremu ya mbao, matundu yake huzibwa isipokuwa pale panapotakiwa rangi, kisha rangi husukumwa ipenye kwa ubao wenye ukingo wa mpira. Fulana na mabango mengi ya mijini huchapwa hivi. Iko pia chapa ya jiwe, inayotegemea uadui wa mafuta na maji juu ya jiwe laini la chokaa. Lakini jiwe la Goma ni la volkano, lenye vitundu, na halifai kwa kazi hiyo.

3. Ujuzi wa mchapaji

Ujuzi wa kwanza ni kufikiri kinyume. Katika chapa ya mwinuko na ya mchimbo, kilicho kulia kwenye bamba hutokea kushoto kwenye nakala. Mchongaji wa milango ya Unguja au Lamu anaweza kuwa na mkono hodari kuliko mchapaji yeyote, lakini yeye huchonga kile kitakachoonekana. Mchapaji huchonga kile kitakachozaa kitakachoonekana. Ugumu huzidi panapokuwa na maandishi. Wanafunzi waliofundishwa kupanga herufi katika matbaa ya misheni ya UMCA, Unguja, katika nusu ya pili ya karne ya 19, walilazimika kusoma Kiswahili kinyumenyume kwenye risasi kabla ya wengine kukisoma sawasawa kwenye karatasi. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa mafundi wa matbaa ya Sultani Barghash, iliyoanza kazi karibu na mwaka 1880 na kuchapa vitabu vya dini na fikihi kwa Kiarabu.

Ujuzi wa pili ni kuhesabu rangi. Kwa kawaida kila rangi huhitaji kibao, bamba au wavu wake, na kila kimoja lazima kiangukie mahali palepale kilipoangukia cha kwanza. Fundi anapokosea kwa upana wa uzi, jani hutoka nje ya mpaka wake na jicho la ndege hukaa shavuni. Kwa hiyo mchapaji huipanga kazi yote kichwani kabla hajaianza: rangi ipi itangulie, ipi ifunikwe, na wapi weupe wa nguo au karatasi uachwe ufanye kazi ya rangi.

Ujuzi wa tatu ni ulinganifu. Mchoraji hupimwa kwa kazi yake moja iliyo bora. Mchapaji hupimwa kwa kufanana kwa nakala ya kwanza na ya hamsini. Anapaswa kujua wino unavyobadilika jua linapopanda, karatasi inavyonywa na unyevu, na mkono unavyolegea mchana unapokwisha. Huu ni ujuzi wa karakana, ambao hurithishwa kwa kufanya kazi pamoja na mtu anayeujua. Vitabu huusaidia, lakini haviwezi kuchukua nafasi ya mwalimu.

4. Nguo iliyokuwa fedha

Nguo za pamba zilizochapwa kwa vibao vya mti huko Gujarati zilisafirishwa katika Bahari ya Hindi na Bahari ya Shamu kwa karne nyingi. Vipande vyake vimefukuliwa Fustat, Misri. Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa ndani ya biashara hiyo ya nguo za Kihindi. Katika karne ya 19 iliongezeka merikani, yaani nguo nyeupe kutoka Marekani, na misafara iliyotoka pwani kwenda Ujiji, Kasongo na Nyangwe iliibeba pamoja na kaniki na shanga. Kipimo kilikuwa shuka, mikono minne, na doti, mikono minane. Nguo ilivaliwa, na nguo hiyohiyo ililipia chakula, ushuru wa njia na pembe za ndovu. Kwa maneno mengine, ilikuwa fedha.

Katika miaka ya 1880 ndipo kanga ilipojitokeza Unguja na Mombasa kwa sura tunayoijua: pindo linalozunguka, mji wa katikati, na baadaye jina, yaani maneno, kwanza kwa hati ya Kiarabu na kisha kwa hati ya Kilatini. Wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi, kama Kaderdina Hajee Essak aliyeanza biashara Mombasa mwaka 1887 na ambaye kanga zake zinajulikana kwa alama ya Mali ya Abdulla, walisikiliza ladha za wanawake wa pwani na kuagiza michoro ichapwe ng'ambo. Mgawanyo wa kazi ulikuwa bayana. Jicho lililochagua lilikuwa Unguja na Mombasa. Mkono uliochapa ulikuwa Uholanzi, Uingereza, India na baadaye Japani.

Kitenge cha nta nacho kina historia ya namna hiyo, ingawa njia yake ni tofauti. Ufundi wa kuzuia rangi kwa nta ni wa Java. Waholanzi waliutia katika mitambo katikati ya karne ya 19. Huko Haarlem, Jean-Baptiste Previnaire alibuni mtambo uliopaka utomvu pande zote mbili za nguo kabla haijatiwa katika nili. Utomvu ulipopasuka, nili iliingia katika nyufa na kuacha mishipa myembamba isiyofanana kutoka nguo hadi nguo. Soko la Java halikuipenda mishipa hiyo. Soko la Afrika Magharibi liliipenda, na kuanzia miaka ya 1890 biashara ikaelekea huko. Kampuni ya Vlisco ya Helmond, iliyoanzishwa mwaka 1846, ikawa maarufu kwa nguo hizo, nazo zikaenea hadi Kongo.

Hapa ndipo tunapoelewa kwa nini mwuza vikwembe hugeuza nguo. Rangi inayoonekana sawa pande mbili ni ushahidi wa utomvu uliopakwa pande mbili. Mishipa isiyojirudia ni ushahidi wa nyufa za kweli; ikijirudia kila baada ya mkono mmoja, basi imechorwa kwenye rola ili kuigiza. Mwuzaji huyo anasoma hatua za kiwandani ambako hajawahi kufika.

5. Pamba ya Kongo na mkono wa Kisangani

Kongo haikukosa pamba. Kuanzia mwaka 1917 utawala wa Wabelgiji uliwalazimisha wakulima wa sehemu nyingi za koloni kuilima, na Maniema, jirani ya magharibi ya Kivu, ilikuwa miongoni mwa sehemu hizo. Katika miaka ya 1920 kiwanda cha nguo cha Utexléo kilianzishwa Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa. Baada ya uhuru, katika miaka ya 1970, Kisangani ilipata kiwanda cha Sotexki kilichosokota, kufuma na kuchapa. Tanzania ilikuwa imetangulia kidogo: kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilianza kazi mwaka 1968 na kuchapa kanga na vitenge vilivyovaliwa nchi nzima. Kwa mara ya kwanza katika historia tunayoisimulia, pamba, bamba na mvaaji vilikuwa ndani ya nchi moja.

Hali hiyo haikudumu kama ilivyotarajiwa. Katika Kongo, kuanguka kwa uchumi wa Zaire, kuharibika kwa barabara na kisha vita viliitenga Kisangani na masoko yake. Katika vita vilivyoanza mwaka 1998 Mto Kongo ulifungwa kwa biashara, na mwezi Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana kwa siku sita ndani ya Kisangani. Wakati huohuo nguo za bei nafuu kutoka Asia, nyingi zikiiga michoro ya Helmond, zilijaa sokoni. Mteja mwenye fedha kidogo hawezi kulaumiwa kwa kuchagua nguo atakayoimudu. Lakini kila kiwanda kinaponyamaza, pamoja na ajira hupotea pia watu waliokuwa wakijua kuchora pindo, kutenganisha rangi na kusimamia rola.

6. Noti mkononi

Turudi kwa mbadilishaji fedha. Kidole chake hutafuta ukwaruzo, hasa kwenye nguo za mtu aliyechorwa juu ya noti. Ukwaruzo huo ni matokeo ya chapa ya mchimbo: karatasi imeingia katika mifuo ya bamba kwa mgandamizo mkubwa na kutoka na wino uliosimama juu yake. Mwigaji anayetumia mashine ya kawaida hupata picha, hapati mwinuko. Aidha, noti ya dola haikutengenezwa kwa karatasi ya mti. Ni pamba asilimia 75 na kitani asilimia 25. Kwa hiyo nguo iliyokuwa fedha katika njia za misafara imerudi kwa umbo jingine: fedha ya leo ni pamba iliyopigwa chapa.

Katika biashara ya nguo na ya noti pia tunakuta mpangilio uleule. Nakala huzunguka kwa wingi. Bamba limefungiwa mbali, nalo ndilo linaloamua thamani. Hata sahihi zinafuata mpangilio huo. Ukingo wa kikwembe una jina la kampuni. Noti ya dola ina sahihi za wakuu wa hazina. Jina la mtu aliyechonga bamba halionekani popote.

7. Karakana zilizotia sahihi

Kuna mapokeo mengine ambamo mchapaji huonekana. Mwaka 1972 Sista Jean Pruitt, akishirikiana na vijana wasanii, alianzisha Nyumba ya Sanaa jijini Dar es Salaam. Mwaka 1983 ilipata jengo kubwa. Pamoja na ufinyanzi, batiki na uchongaji, hapo ulifanyika uchapaji wa mabamba ya zinki. Bamba lilipakwa tabaka la nta, likachorwa kwa sindano, likatiwa katika tindikali iliyoila zinki pale tu sindano ilipopita, likapakwa wino, likafutwa, na mwishowe likapitishwa katika shinikizo pamoja na karatasi iliyoloweshwa. Kwa jumla hiyo ndiyo kanuni ya noti ya dola. Tofauti ilikuwa chini ya picha: fundi aliandika kwa penseli namba ya nakala, idadi ya nakala zote, na jina lake. Robino Ntila na Francis Imanjama ni miongoni mwa waliojulikana kwa kazi hiyo, na George Lilanga, ambaye sifa yake ilifika Ulaya na Marekani, alipitia karakana hiyohiyo. Viumbe na visa vilivyosimuliwa kusini mwa Tanzania viliingia katika zinki bila kuhitaji ruhusa ya mfanyabiashara wa ng'ambo. Karakana hiyo haipo tena. Nakala zimetawanyika katika majumba ya makumbusho na makusanyo ya watu. Mafundi walibaki bila mahali pa pamoja pa kufanyia kazi.

Uganda inatupa mfano wa pili. Masomo ya sanaa katika Makerere yalianzishwa na Margaret Trowell katika miaka ya 1930, na chuo hicho kimetoa wachapaji kadhaa. Mmoja wao ni Fred Mutebi, anayechapa picha za rangi nyingi kwa ubao mmoja tu wa mti. Huchonga kidogo na kuchapa rangi ya kwanza kwenye karatasi zote. Huchonga tena ubao uleule na kuchapa rangi ya pili juu yake. Na kuendelea hivyo. Kila hatua hula sehemu ya hatua iliyotangulia. Kazi inapokwisha, ubao umekwisha pia, na hakuna awezaye kuongeza nakala. Fundi wa namna hii hana nafasi ya kurudi nyuma, kwa hiyo ule ujuzi wa kuhesabu rangi tulioueleza hapo juu kwake ndio kazi yote.

8. Mahali pa bamba

Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma hadi Ziwa Kivu, ikafunika sehemu kubwa ya kitovu cha biashara pamoja na sehemu za Birere. Maelfu kwa maelfu walivuka kwenda Gisenyi. Kabla ya hapo mji ulikuwa umepita katika mwaka 1994 na vita viwili. Baada ya hapo umepitia mengine, ukiwemo ule mlipuko wa Mei 2021 na mapigano ya Januari 2025. Mtu anayekimbia anaweza kufunga kikwembe kiunoni na kuficha noti kifuani. Shinikizo la chuma hawezi kulibeba, wala pipa la tindikali, wala meza ya kukazia wavu wa mita mbili. Ndiyo maana ukosefu wa amani hauharibu biashara ya nakala kwa kadiri unavyoharibu kazi ya bamba. Vibanda vya nguo hufunguliwa tena baada ya wiki chache. Karakana huchukua miaka kujengwa upya, na mwalimu aliyeondoka huenda asirudi.

Je, hali hii ni ya lazima? Historia tuliyoipitia haisemi hivyo. Uchapaji wa nguo kiwandani unahitaji mtaji, umeme na barabara. Hayo hayaletwi na makala. Lakini chapa ya mwinuko haihitaji shinikizo. Ubao wa mti, patasi tatu, wino, karatasi na kijiko cha kusugulia mgongo wa karatasi vinatosha kufundishia kufikiri kinyume, kuhesabu rangi na ulinganifu. Fremu ya wavu kwa kazi ndogo huingia chini ya kitanda. Hizo ndizo zana za mchapaji anayeweza kuhama na kuendelea na kazi yake.

9. Hitimisho

Tumeonyesha kwamba jicho la mnunuzi na mkono wa mchapaji vinategemea elimu moja, na kwamba biashara ya mbali, pamba ya kulazimishwa, kufifia kwa viwanda na vita vimevitenga viwili hivyo. Wanaofundisha Kiswahili wana wajibu wao katika jambo hili. Maneno ya wauza vikwembe wa mashariki ya Kongo kuhusu aina za nguo, rangi na kasoro zake; maneno ya mafundi wa Dar es Salaam kuhusu zinki na tindikali; maneno ya wafanyakazi wa zamani wa Urafiki na Sotexki: yote hayo ni istilahi zilizopatikana kazini, na nyingi hazimo katika kamusi. Tunapendekeza zikusanywe sasa, wakati wenyewe bado wapo, zikusanywe kwa lahaja zao bila kusahihishwa kwanza, na majina ya waliozisema yaandikwe kwa ridhaa yao. Mchapaji wa kiwandani alinyimwa nafasi ya kutia sahihi juu ya nguo aliyoichapa. Angalau katika daftari la elimu yake jina lake liwemo.